Mpokee Wewe Kabla Hajapokelewa na Waonevu
Vidokezo kwa wanafunzi, wazazi na walimu wa vyuo vya Butembo na Beni

Mwaka wa masomo unapofunguliwa, utawatambua pale pale wanaposhuka kwenye pikipiki. Wanatoka Vuhovi, Kyondo na Isale, begi wamelikumbatia kifuani, gunia la maharagwe na viazi limekazwa nyuma kwa kamba ya mpira, macho yanatafuta kibao cha chuo. Wengine wanaingia Beni kutoka Oicha, Mangina na Bulongo. Hao ndio mableu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na kabla hawajajua ofisi ya aparitora iko wapi, kuna watu wameshawapangia "ubatizo": kupiga magoti, kuimba juu ya meza, kununulia wakubwa bia, kuitwa majina ya wanyama, kuamshwa usiku wa manane.

Mateso hayo ndiyo yanaitwa bizutaji, nayo ina wenyeji wengi, Kongo na nje ya Kongo. Kenya, aliyeingia kidato cha kwanza aliitwa mono na kuteswa kwa jina hilo hilo. Kwa hiyo sikinyoshei kidole chuo chochote. Ninachoamini ni hiki: mgeni lazima atapokelewa na mtu, na kama watu wema wamechelewa, mwonevu yuko getini tangu alfajiri. Vidokezo hivi ni vya kumwahi.

1. Fika getini kabla yao

Nguvu ya mwonevu inatoka mahali pamoja tu: anajua vitu ambavyo mgeni havijui. Anajua ada inalipwa dirisha gani, ukumbi wa mwaka wa kwanza ni upi, maji yanachotwa wapi, nyumba ipi ya kupanga ina mwenye nyumba mwenye roho nzuri, mhadhiri gani hataki mtu achelewe. Mgeni anahitaji hayo yote siku hiyo hiyo, na yuko tayari kuyalipia kwa magoti yake.

Basi yatoe bure. Meza moja getini, viti viwili, karatasi iliyoandikwa kwa mkono mkubwa: ofisi, saa za kufungua, namba ya kiongozi wa promosheni, jina la anayehusika na wanafunzi. Kila bleu anayefika aandikwe jina, kijiji alikotoka na mahali atakapolala. Kisha apewe mtu, dada au kaka wa mwaka wa pili au wa tatu, atakayekuwa yaya wake kwa wiki mbili. Yaya mmoja asipewe zaidi ya wadogo watano, maana akipewa ishirini hatamkumbuka hata mmoja.

Kazi ya yaya ni ndogo na inaonekana. Siku ya kwanza amwonyeshe bomba, zahanati na mahali pa kula kwa bei nafuu. Siku ya pili amsindikize kujiandikisha. Siku ya tatu apite anakolala, aone mlango una kufuli au hauna. Akimaliza hayo, mwonevu atakayekuja kusema "mimi ndiye nitakayekufundisha maisha ya hapa" atakuta maisha ya hapa yameshafundishwa.

2. Anza na waliobatizwa mwaka jana

Makosa ya vyuo vingi ni kuwahutubia mableu juu ya ubaya wa bizutaji. Mableu hawana haja ya hotuba hiyo. Wanaohitaji kuzungumziwa ni mwaka wa pili, wale waliolia mwaka jana na sasa wanasubiri zamu yao. "Sisi tulipita, nao wapite." Ukilisikia neno hilo, umefika kwenye mzizi.

Waite mwezi mmoja kabla ya kufungua. Wagawe katika vikundi vidogo, wavulana peke yao na wasichana peke yao ikiwezekana, na waulize swali moja: mwaka jana ulifanyiwa nini, na ungependa nani angekuwepo? Usiruhusu kicheko. Wengi wamezoea kusimulia aibu yao kama kichekesho, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee waliyoachiwa ya kuisimulia. Akishaisema kwa sauti ya kawaida mbele ya wenzake, ni vigumu kesho amfanyie mwingine jambo lile lile.

Halafu wape kazi ya kidokezo cha kwanza. Mtu wa mwaka wa pili anataka heshima, na ana haki ya kuitaka. Mpe heshima ya kuaminiwa watu.

3. Pima mchezo kwa maswali matatu

Kuna wanaouliza: kwani tusicheze kabisa? Chezeni! Mechi ya mwaka wa kwanza dhidi ya mwaka wa pili, kwaya, jioni ya vichekesho, kila mmoja ajitambulishe kwa kusema kwao wanapika nini. Shida ni pale mchezo unapomgeukia mtu mmoja. Kabla ya kuanza, ulizeni:

Je, anaweza kukataa bila kulipia kukataa kwake? Je, mngelifanya hili saa sita mchana, mama yake akiwa amesimama pale na dekano wa fakulti pembeni? Je, mkubwa naye anafanya?

Hilo la tatu lina mfano wake mzuri katika salongo, kazi ya pamoja. Wakubwa na wadogo wameshika fagio na majembe pamoja, uwanja unasafishwa, watu wanafahamiana, jasho ni la wote: hiyo ni salongo. Mableu peke yao wamepiga magoti wakifagia kwa mikono, wakubwa wamekaa ukutani wakihesabu na kucheka: huo ni uonevu, hata uwanja ukitakata namna gani.

4. Msilisingizie jando

Wapo watakaokuambia kwamba mababu zetu Wayira nao walikuwa na olusumba, jando lao, kwamba kijana hawi mtu mzima bila kuumia kidogo. Wajibu kwa upole, lakini wajibu. Jando lilikuwa na wazee waliowajibika. Kijana alikuwa na msimamizi aliyejua ukoo wake, kidonda kilikuwa na wa kukitibu, na mwishoni alirudi kwao akipokewa kwa furaha, akiwa na cheo alichokuwa hana. Mzee aliyempoteza mtoto wa mtu alikuwa na la kujibu mbele ya ukoo mzima.

Katika bizutaji, nani anawajibika? Kijana wa miaka ishirini na mbili aliyelewa. Kidonda kinatibiwa na nani? Na cheo anachopewa bleu mwishoni ni ruhusa ya kumtesa mwingine mwakani. Ninawaheshimu wazee wetu kiasi kwamba siwezi kukubali wafananishwe na jambo hili.

5. Jueni ubatizo ulikotoka

"Ubatizo" wa wanafunzi ulikuja Kongo na chuo chenyewe. Mwaka 1954 Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven, Ubelgiji, kilianzisha Lovanium huko Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, na pamoja na vitabu na majoho zikaja desturi za wanafunzi wa Ubelgiji, ikiwemo ile ya kuwadhalilisha mableu. Kutoka hapo imeshuka kizazi kwa kizazi hadi inaitwa utamaduni wa chuo.

Na huko huko Leuven imeua. Desemba 2018 kijana wa miaka 20, Sanda Dia, mwanafunzi wa uhandisi ambaye baba yake alihamia Ubelgiji kutoka Mauritania, alikubali kupitia ubatizo wa kikundi kilichoitwa Reuzegom. Walimnywesha pombe kupita kiasi. Kesho yake walimtia ndani ya shimo lenye maji, katikati ya baridi ya Desemba, wakamnywesha mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi. Mwili ukapoa, chumvi ikazidi katika damu, viungo vikaanza kushindwa. Alifariki hospitalini. Mei 2023 mahakama ya rufaa ya Antwerp iliwatia hatiani wenzake 18, ikawahukumu kufanya kazi za kijamii na kulipa faini ya euro 400 kila mmoja. Wabelgiji wengi walikasirika kwa wepesi wa adhabu hiyo, nami nawaelewa.

Msomeeni habari hiyo kila anayesema "hakuna aliyewahi kufa kwa mchezo." Hakuna kati ya wale 18 aliyetoka nyumbani siku ile akikusudia kuua.

6. Kikombe kimoja kisizunguke

Kidokezo kifupi, kwa kuwa watu wa huku wanaelewa haraka. Kuna desturi ya kuwapanga mableu mstari na kuwanywesha pombe ya kasiksi au lotoko kutoka chombo kimoja. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 tuliishi na Ebola. Zaidi ya watu 2,200 walikufa katika mlipuko ule, na Vuhovi ilikuwa miongoni mwa zona za afya zilizofikiwa. Tulijifunza kusalimiana bila kushikana mikono na kunawa maji ya klorini kwenye kila mlango. Baada ya hapo, mtu mwenye elimu ya chuo anawezaje kuwalazimisha watu thelathini wanywe kikombe kimoja? Na lotoko, ambayo hakuna anayejua imekolea kiasi gani, humwangusha asiyeizoea kabla hata hajasema imetosha. Akianguka, mlazeni ubavu, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Msisubiri alfajiri kwa kuogopa kukaripiwa.

7. Usiku uacheni

Hapa naomba tukae kidogo, maana kidokezo hiki ni chetu sisi wa Beni na Butembo kuliko cha mtu mwingine yeyote.

Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imekuwa ikiuawa watu wake usiku, kwa mapanga na kwa risasi. Katika kila promosheni ya mwaka wa kwanza wamo waliokimbia Oicha au Eringeti wakiwa watoto, waliolala porini, waliozika mzazi, ambao hawajui kaka yao aliyechukuliwa yuko wapi. Hawavai kibao kifuani. Msichana anayecheka sana ukumbini anaweza kuwa ndiye huyo.

Sasa fikiria saa nane za usiku mlango wa nyumba ya kupanga unagongwa kwa teke. Sauti za wanaume. "Tokeni nje! Laleni chini!" Aliyegonga anajua ni mchezo. Aliyelala ndani hajui, na mwili wake unakumbuka kabla akili haijaamka. Wapo watakaoruka dirishani. Wapo watakaokojoa kitandani, kisha wachekwe kwa hilo mwaka mzima. Wapo watakaofunga begi asubuhi warudi kijijini, na chuo kitaandika kwamba mwanafunzi ameacha masomo bila sababu.

Kuna hatari nyingine pia. Kundi la vijana wanaopiga kelele na kukimbizana gizani, katika mji ambao askari wa doria wako macho na raia wamezoea kujilinda, linaweza kudhaniwa kuwa kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo kanuni iwe moja na isiyo na mjadala: hakuna shughuli yoyote ya kuwapokea wageni baada ya jua kutua. Kiongozi wa promosheni aitangaze, brigedi ya wanafunzi iisimamie, wenye nyumba za kupanga waambiwe wasifungue mlango. Na yaya akigundua kwamba mdogo wake anashtuka mno, halali, haongei, asijifanye daktari. Ampeleke kwa padri, mchungaji au mshauri anayeaminika, au kwenye kituo cha afya chenye huduma ya kisaikolojia, na amsindikize hadi mlangoni.

8. Mwite jina lake

Sisi tunajulikana kwa majina. Ukisikia Paluku au Mumbere unajua ni mtoto wa kwanza wa kiume, Kambale ni wa pili, Masika ni binti wa kwanza. Jina linabeba nafasi ya mtu mezani kwao. Bizutaji huanza kwa kulivua jina hilo na kumpachika jingine, la mnyama au la namba, na aliyekwisha kuitwa mbuzi siku ya Jumatatu ni rahisi kumfanyia unyama siku ya Alhamisi. Mhadhiri akiwasikia wakubwa wakiita hivyo ukumbini, asitabasamu. Tabasamu la mwalimu ni kibali.

9. Simu mfukoni

Siku hizi aibu haiishii uwanjani. Inarekodiwa, inatumwa kwenye vikundi vya WhatsApp, na jioni imefika Vuhovi kwa shangazi kabla mwenyewe hajarudi chumbani. Kanuni ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu unyanyasaji unaofanywa kwa njia za kielektroniki. Ukitumiwa video ya bleu anayedhalilishwa, usiisambaze hata kwa nia ya kulaani. Mwonyeshe anayehusika na wanafunzi, kisha muulize mwenye video anataka ushahidi ufanyweje. Mwenye video ni yule anayeonekana akilia ndani yake.

10. "Alikubali mwenyewe" si jibu

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 16, inasema utu wa mwanadamu ni mtakatifu na inakataza kumtendea mtu yeyote kikatili au kwa kumdhalilisha. Baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajafika miaka 18, na hao wana kinga ya sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Ufaransa, tangu sheria ya tarehe 17 Juni 1998, bizutaji ni kosa la jinai hata kama aliyefanyiwa alikubali, na adhabu yake hufika kifungo cha miezi sita na faini ya euro 7,500. Wafaransa walielewa kwamba mgeni aliyezungukwa na watu kumi hana njia ya kukataa.

Ikiwa kuna aliyeguswa au kulazimishwa kingono, hilo halisuluhishwi na komite ya wanafunzi wala kwa kuombana msamaha mbele ya wazazi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono inahusika. Jambo la kwanza ni hospitali, tena ndani ya saa 72, ili dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zifanye kazi. Asioge, asifue nguo alizovaa, aende na mtu anayempenda. Mjini Butembo, hospitali ya FEPSI inajulikana kwa kuwahudumia waliofanyiwa ukatili huo. Polisi wana kitengo cha kulinda watoto na kuzuia ukatili wa kingono; ulizia kitengo hicho, usiongee na askari yeyote uliyemkuta kwenye benchi.

11. Sahihi moja siku ya kujiandikisha

India, baada ya wanafunzi kadhaa kufa kwa mateso ya wakubwa wao, ilitoa kanuni mwaka 2009: kila mwanafunzi na mzazi wake wanatia sahihi kwamba wanajua uonevu umekatazwa na adhabu yake ni ipi. Hilo halihitaji mfadhili. Ni ukurasa mmoja zaidi katika faili ambalo mwanafunzi analijaza hata hivyo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili mama wa kijijini naye aelewe anachotia kidole. Wakubwa nao wasaini kila mwaka wanapojiandikisha upya.

12. Mama, baba, mpigie na umuulize vizuri

Ukimuuliza "unaendeleaje?" atakujibu "muzuri." Muulize: umekula nini leo? Gunia la maharagwe limefika wapi? Gunia ambalo lingetosha miezi miwili likiisha baada ya siku kumi, kuna wakubwa wanaolitoza kodi. Anaomba pesa za "mchango wa mableu"? Mwambie ada halali inalipwa benki au kwa mhasibu wa chuo, na inatoka na risiti. Ambayo haina risiti usiitume.

Ongea pia na mwenye nyumba siku ile ile unapolipa kodi ya chumba. Mwachie namba yako. Mwenye nyumba mmoja anayesema "kwangu hakuna anayeamshwa usiku" anaokoa vyumba sita kwa mkupuo.

13. Na wewe bleu

Usitembee peke yako wiki mbili za kwanza; tafuta wenzako wawili wa kijiji kimoja au kanisa moja. Ukiitwa mahali pasipojulikana, sema "nitakuja na yaya wangu," kisha nenda umtafute kweli. Ukikataa jambo, kataa mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, bila matusi, na ondoka palepale, usibaki kujieleza. Usiku huo andika kwenye daftari tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nani alisema nini. Mweleze mtu mzima mmoja kabla ya siku mbili kupita. Akikupuuza, mweleze wa pili.

14. Mwisho wa muhula, waulizeni

Karatasi ndogo, bila jina, maswali mawili: nani alikusaidia ulipofika, na nani alikuumiza? Zikusanywe na mhadhiri mmoja na mwakilishi mmoja wa mwaka wa kwanza, zisomwe mbele ya komite ya uongozi. Majina yanayojirudia upande wa pili yaitwe na kuhojiwa kabla ya likizo. Na majina yanayojirudia upande wa kwanza yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa herufi kubwa: hao ndio watakaokaa kwenye meza ya getini mwakani.